Hewa Safi, Kliniki Tupu: Uchambuzi wa Ripoti Tuliyoitoa Mapema

Kisa hiki ni cha jiji moja kubwa ambalo sitalitaja, na cha ripoti niliyoshiriki kuiandika mwaka 2020, katika majuma ya mwanzo ya marufuku ya kutoka nje kwa sababu ya korona. Nimeondoa majina, idadi ya wagonjwa, vipimo halisi vya vituo na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu au ofisi. Panapohitaji hesabu nitatoa mfano, na nitasema kuwa ni mfano. Kazi yangu ilikuwa kuchambua takwimu za hewa, na kosa la kwanza katika mlolongo huu lilikuwa langu.

Usuli

Jiji lilikuwa na vituo vitatu vya kupimia hewa vyenye mitambo ya kuaminika. Kimoja kilikuwa kando ya barabara kuu, kingine jirani na viwanda, na cha tatu pembezoni, kwenye makazi yaliyobanana. Juu ya hivyo kulikuwa na vipimo vidogo vya bei nafuu vilivyofungwa kwenye mapaa ya shule na zahanati. Hospitali tuliyoshirikiana nayo ilikuwa na kliniki ya pumu na magonjwa ya kifua, na kila juma ilitupatia hesabu ya waliohudhuria, bila majina.

Tulikuwa tukifuatilia vitu vitatu. Cha kwanza ni nitrojeni dioksidi, gesi ambayo mijini hutoka zaidi kwenye injini za magari. Hukaa hewani kwa saa chache tu, kwa hiyo magari yakisimama leo, kesho kipimo kinajua. Cha pili ni chembe laini, zile zinazoitwa PM2.5 kwa kuwa kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, unywele wa binadamu ni mnene kuliko chembe hizo mara 20 hadi 30 hivi. Hizi hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia kwenye damu. Hazina chanzo kimoja: kuna injini, majiko, takataka zinazochomwa, vumbi, viwanda, na nyingine huumbika hewani kutokana na gesi, zikasafiri mamia ya kilomita. Cha tatu ni ozoni ya chini, yaani ile iliyo kwenye hewa tunayovuta, si ile ya juu angani inayotukinga na jua, ambayo nitaijia baadaye kwa sababu na sisi tuliiacha hadi baadaye.

Lazima niseme pia tulikuwa kwenye hali gani kichwani. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020, na muda si mrefu picha za setilaiti ya Sentinel-5P zikazagaa, zikionyesha wingu la nitrojeni dioksidi juu ya China likififia. Mwishoni mwa Machi India nayo ikajifungia, na siku chache baadaye wakazi wa Jalandhar, huko Punjab, wakawa wanapiga picha vilele vya milima wakiwa juu ya mapaa yao, milima ambayo kwa miaka ilikuwa imefichwa na moshi. Jiji letu lilipofungwa, sote tulikuwa tunajua jibu kabla ya kuuliza swali.

Chati ya kwanza

Baada ya majuma mawili ya marufuku nililinganisha vipimo vya majuma hayo na vya majuma mawili yaliyotangulia. Nitrojeni dioksidi kando ya barabara ilikuwa imeporomoka. Mstari ulishuka kama ngazi, tena siku ileile ya amri. Nikauweka kwenye chati moja na hesabu ya waliohudhuria kliniki ya pumu, na huo nao ukashuka. Mistari miwili, inashuka pamoja, siku moja. Nikiri kwamba niliitazama chati ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kutazamwa. Ilikuwa nzuri mno.

Mkuu wetu alitaka itoke kabla ya juma kwisha, na sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Kulikuwa na kikao cha jiji kuhusu njia za baiskeli na mabasi, na hoja ya moshi wa magari ilikuwa haijawahi kupata ushahidi ulio wazi kiasi kile. Watu walikuwa wamechoka na habari mbaya. Miji mingine nayo ilikuwa imeshatoa za kwao. Tukaandika ripoti fupi yenye sentensi ambayo tulikuja kuijutia: “Kupungua kwa moshi wa magari kumepunguza mashambulizi ya pumu.” Maneno tisa. Sehemu ya kwanza ya sentensi ilikuwa kweli. Iliyobaki ilikuwa dhana tuliyoivisha nguo za matokeo.

Mtu mmoja alipinga: fundi anayehudumia vituo. Alisema mtambo wa barabarani haujakaguliwa kwa gesi ya kulinganishia tangu marufuku ianze, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na kibali cha kutembea, na kwamba mitambo ya aina ile huanza kusoma pembeni usipoirudisha kwenye sifuri mara kwa mara. Tulimjibu kwamba kuteleza kidogo kwa mtambo hakuwezi kuzaa mporomoko mkubwa vile. Ni kweli hakukuuzaa. Ila tulipozima hoja yake tulizima na swali lililokuwa nyuma yake: ni nini hasa tunachopima, na wapi?

Simu za nesi

Kliniki ilikuwa imepunguza siku za miadi. Vipimo vya kupuliza kwa nguvu kwenye spairomita, chombo cha kupimia uwezo wa mapafu, vilisitishwa, kwa hofu kwamba mgonjwa anayepuliza atasambaza virusi. Nesi mmoja wa kliniki, akiwa hana foleni ya kuhudumia, alichukua daftari la wagonjwa na kuanza kuwapigia simu wale ambao hawakuja. Hakuna aliyemtuma. Alitaka tu kujua wako wapi.

Simu iliyogeuza kila kitu ilikuwa ya mtoto wa miaka isiyofika kumi. Nesi alinisimulia karibu neno kwa neno.

“Mtoto anaendeleaje, mama?”

“Hajambo, dada. Mchana hajambo. Usiku ndiyo kazi.”

“Dawa ya kuvuta anayo?”

“Anayo. Kila akibanwa nampulizia.”

Nesi akamwomba aiweke inhela karibu na simu na kuibonyeza mara moja. Akasikia mlio: psss. Mtu mwingine angeridhika hapo. Yeye akauliza inhela ile ilianza kutumika lini na mtoto anapulizwa mara ngapi kwa siku, akazidisha kwenye ukingo wa daftari. Inhela nyingi za aina ile hubeba mipulizo 200. Hesabu ya mama ilikuwa imeshaupita ukomo huo siku nyingi. Dawa ikiisha, gesi inayoisukuma huweza kubaki, kwa hiyo chombo kinaendelea kulia psss na mtoto anaendelea kuvuta kitu ambacho hakina dawa. Kama hakina kaunta ya mipulizo, mzazi hana namna ya kujua kwa sikio.

Kisha akauliza kwa nini usiku. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, watu sita, wote sasa wako ndani kutwa nzima. Jiko la mkaa lililokuwa likiwashwa mara moja kwa siku sasa linawashwa mara tatu. Madirisha yamefungwa, kwa kuwa waliambiwa korona iko hewani nje. Baba anapiga deki kwa klorini asubuhi na jioni, akiamini anawalinda, na harufu yake inabana koo la kila mtu. Na kwa kuwa gari la taka halijapita tangu marufuku, majirani wanachoma taka jioni, plastiki na yote, hatua chache kutoka mlangoni.

Katika orodha hiyo nzima hakuna gari hata moja. Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa uleule wa kituo chetu cha tatu.

Nilirudi kwenye takwimu za kituo hicho. Nilikuwa nimezifanya wastani wa saa 24, kama taratibu zinavyotaka, na wastani ulikuwa haujabadilika sana, kwa hiyo sikuutaja hata kwenye ripoti. Nilipozifungua saa kwa saa nikaona nundu: kila jioni, kuanzia giza linapoingia, chembe laini zinapanda, zinakaa juu saa mbili hivi, zinashuka. Kabla ya marufuku nundu hiyo ilikuwa ndogo. Sasa ilikuwa mlima.

Chukua mfano huu. Saa 22 za siku hewa ina mikrogramu 8 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo, na saa mbili za jioni ina 90. Wastani wa siku ni 14.8. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Septemba 2021 unapendekeza wastani wa siku usizidi 15. Siku hiyo ingepita mtihani, huku mtoto akiwa amekaa saa mbili ndani ya moshi, tena moshi wa plastiki, ambao hubeba sumu zisizosomwa na kipimo cha chembe hata kidogo.

Nesi aliendelea na simu zake na kuziandika sababu za kutokuja. Wapo waliokuwa na nafuu ya kweli, na hili lisipuuzwe: shule zimefungwa, mafua ya kawaida hayazunguki, na kwa watoto wenye pumu virusi vya mafua ndivyo kichocheo kikuu cha mashambulizi. Wapo walioogopa kuipata korona hospitalini. Wapo waliokosa usafiri. Wapo walioambiwa na mtu getini kwamba kliniki imefungwa. Mstari wangu wa pili kwenye chati, ule wa mahudhurio, ulikuwa umechanganya watu hawa wote na kuwaita waliopona.

Kurudia hesabu

Tulirudi mwanzo. Kwanza msingi wa ulinganisho. Kulinganisha majuma mawili na mawili yaliyotangulia ni sawa na kupima mchango wa mwavuli kwa kulinganisha siku ya mvua na ya jua. Kabla ya marufuku hali ya hewa ilikuwa shwari, upepo haukuwepo, na moshi ulikuwa umekaa chini kama sufuria iliyofunikwa. Baada yake kukaja upepo na mvua. Nikachukua tarehe zilezile za miaka mitatu iliyotangulia.

Mfano wa jinsi jambo hili linavyobadilisha jibu: tuseme kipimo kilikuwa 40 kabla na 20 baada. Utasema kimepungua nusu. Lakini kama miaka iliyopita, kwa tarehe hizohizo, kilikuwa kinashuka chenyewe kutoka 36 hadi 27, basi robo nzima ni ya msimu. Mwaka huu kingefika 30 bila marufuku yoyote. Kutoka 30 hadi 20 ni theluthi. Bado ni punguzo kubwa, na hakuna aibu kuliandika theluthi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu kwa sura, ingawa tarakimu ni nyingine. Punguzo la nitrojeni dioksidi lilibaki, likiwa dogo kuliko tulivyotangaza. La chembe laini lilikuwa dogo zaidi, na kwenye kituo cha tatu halikuwepo. Uchambuzi wa nchi 34 uliochapishwa mwaka huohuo ulikuta mpangilio wa aina hiyo: ukiondoa athari za hali ya hewa, nitrojeni dioksidi ilipungua kwa asilimia 60 hivi na PM2.5 kwa asilimia 31 hivi. Beijing ilipata ukungu mzito wa moshi Februari 2020, magari yakiwa yamesimama, kwa sababu unyevu ulikuwa juu, upepo ulikuwa dhaifu, na gesi zilizobaki ziliendelea kugeuka chembe.

Halafu ozoni. Ilikuwa imepanda. Mkuu wetu alidhani kipimo kimeharibika. Kilikuwa kizima. Ekzosi hutoa nitrojeni monoksidi, na gesi hiyo inapokutana na ozoni huila: inachukua atomu moja ya oksijeni na kuwa nitrojeni dioksidi. Ndiyo maana kando ya barabara yenye magari mengi ozoni huwa kidogo. Ondoa magari, mlaji ametoweka, ozoni inabaki. Mvuke wa petroli, rangi na viyeyusho unaoilisha ozoni jua likiwaka haukupungua kwa kiasi kilekile. Uchambuzi mwingine, wa miji 11 ikiwemo London, Delhi na Wuhan, ulikuta ozoni imepanda karibu kila mahali, isipokuwa London. Kwa mtu mwenye pumu hili si la pembeni, maana ozoni huwasha njia za hewa moja kwa moja.

Vile vipimo vidogo vya mapaani navyo vilituletea mchezo. Hutumia mwanga kuhesabu chembe, na asubuhi yenye ukungu huhesabu matone ya maji kana kwamba ni moshi. Tuliviacha nje ya hesabu kwa siku zenye unyevu mkubwa. Fundi, alipopata kibali hatimaye, alikuta kituo cha viwandani utepe wa kuchujia umekwisha na mtambo unapima hewa isiyopita popote, kwa hiyo siku kadhaa zikafutwa. Mtambo wa barabarani alioutilia shaka ulikuwa umeteleza kidogo, akausahihisha kwa kutumia daftari lake la ukaguzi wa kabla na baada.

Uamuzi wa kusahihisha

Palikuwa na njia mbili: kubadilisha sentensi kimyakimya kwenye nakala ya ripoti, au kutoa marekebisho. Mkuu wetu alipendelea ya kwanza. “Mtatufanya tuonekane hatujui kazi,” alisema. Kilichomgeuza ni daktari wa kliniki, aliyemwambia kwamba ripoti yetu inabandikwa ukutani na wazazi wanaisoma. Mzazi anayeambiwa pumu imepungua hawezi kuhangaika kutafuta inhela mpya.

Marekebisho yakatoka, mahali palepale ripoti ilipotoka. Tulitenganisha mambo mawili: hewa ya barabarani, ambayo ilikuwa imekuwa safi zaidi kweli, na hali ya wagonjwa, ambayo tuliiandika kwa kutumia simu za nesi badala ya mahudhurio. Hospitali ikazifanya simu hizo kuwa kazi rasmi, ikaanza kupeleka dawa majumbani, na ikaandaa maelezo mafupi: pika karibu na mlango au nje, fungua madirisha wakati wa deki, hesabu mipulizo. Tuliiandikia idara ya usafi kuhusu taka za mtaa wa kituo cha tatu, tukiambatanisha ile nundu ya jioni.

Matokeo

Gari la taka lilirudi. Nundu ilishuka. Mtoto alipata inhela mpya na chombo cha kuvutia dawa polepole, mama akahamishia jiko mlangoni, baba akaacha klorini ya jioni. Kukohoa usiku kulipungua. Mambo hayo yote yalitokea ndani ya siku zisizofika kumi, na ukiniuliza lipi lilimsaidia zaidi, nitaanza na inhela kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na dawa, kisha nitanyamaza.

Marufuku ilipolegezwa magari yalirudi, na katika miezi michache nitrojeni dioksidi ilikuwa imekaribia pale ilipokuwa.

Njia za baiskeli ziliahirishwa. Na hapa pana uchungu: kwenye kikao, waliozipinga walishika marekebisho yetu mkononi wakisema wataalamu wenyewe wamekiri kwamba magari hayana shida. Hatukusema hivyo. Punguzo lilikuwepo na sababu yake ilikuwa magari. Lakini ripoti ya kwanza ilikuwa imeahidi zaidi ya ilichokuwa nacho, na ilipopunguzwa watu waliona imefutwa.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi hakikuwa na gharama: daftari, kalamu na simu. Bila nesi yule tungesahihisha hali ya hewa na msimu, tungejisifu kwa umakini, na mtoto angeendelea kuvuta gesi tupu. La pili ni daftari la fundi. Katika wiki ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kuandika lolote, aliandika tarehe na usomaji wa kila ukaguzi wa mwisho kabla ya kufungiwa, na ndiyo sababu takwimu za barabarani ziliokoka.

Kosa la msingi, kwa maoni yangu, lilikuwa kuchukua hewa ya kituo kuwa hewa ya mtu. Kituo kinapima kilichopo mahali kilipo. Mwili unapokea kilichopo mahali ulipo, kwa muda uliokaa hapo. Marufuku ilihamisha watu kutoka barabarani, ambako hewa ilikuwa inasafika, ikawaingiza ndani, ambako kwa wengi ilikuwa inachafuka. Zaidi ya watu bilioni 2 duniani hupika kwa kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wake. Chati ya barabara haina namna ya kuwaona.

Kosa la pili ni kusoma kutokuwepo kama afya. Kliniki tupu ina maana nyingi, na kupona ni mojawapo tu. Hili liliwakuta wengi mwaka 2020. Waliolazwa kwa magonjwa ya kifua walipungua sana katika nchi nyingi, na kutenganisha hewa safi, barakoa, kukosekana kwa mafua na hofu ya hospitali ni kazi ngumu hata kwa mwenye takwimu za nchi nzima. Sisi tuliifanya kwa majuma mawili na kliniki moja.

La tatu ni kudai faida ya haraka kwa madhara ya polepole. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya majumbani kwa pamoja huhusishwa na vifo vya mapema milioni 7 hivi kwa mwaka, vingi vikiwa vya moyo, kiharusi, mapafu yaliyoharibika na saratani. Madhara hayo hujengeka kwa miaka. Majuma machache ya hewa nzuri yanaweza kuonyesha vizuri sana moshi unatoka wapi, na kwa hilo marufuku ilikuwa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya. Ripoti yetu ingeishia hapo, kwenye chanzo, ingesimama hadi leo na huenda njia za baiskeli zingekuwepo.

Sasa kwenye fomu ya kliniki, mahali palipokuwa na kisanduku kimoja cha “hakuhudhuria”, kuna mstari mrefu wa kuandika kwa nini. Daftari la zamani nesi bado analo. Kwenye ukurasa wa mtoto yule, pembeni ya hesabu aliyoizidisha siku ile ya simu, ameandika kwa kalamu nyekundu: 200, imekwisha, bado inalia.